Kulitia Gari Nguvu kwa Fedha Kidogo: Tuanzie Wapi?

Ndugu mmoja wa Kibingo, mkulima wa kahawa na migomba ambaye pia ni dereva, ametuuliza swali ambalo twaona halimhusu yeye peke yake. Anayo gari aina ya Toyota Probox, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi mikononi mwa wengine. Baada ya kuuza kahawa yake na kulipa madeni na mahitaji ya shule ya watoto, amebakiwa na shilingi laki 6. Ataka gari yake iwe na nguvu zaidi, maana vilima vyaichosha, na kila apandapo akiwa na abiria huona wenziwe wakimpita. Mafundi watatu wamemshauri mambo matatu. Wa kwanza amemwambia abadilishe bomba la moshi, atie lile pana lenye sauti nzito. Wa pili amemwambia anunue rimu kubwa na tairi pana. Wa tatu amemwambia akope kidogo, aongezee, afunge tabo. Yeye auliza: nianze na lipi?

Wako watakaosema kwamba swali la namna hii halistahili nafasi katika ukurasa huu, kwamba ni mchezo wa vijana wa mjini wapendao ngurumo. Sisi hatuoni hivyo. Huko Kibingo, katika nchi ya Karagwe ya zamani ambayo mwaka 2012 iligawanywa ikawa wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, gari ndogo si pambo. Ndiyo ibebayo kahawa kavu kwenda chama cha msingi. Ndiyo ipelekayo ndizi sokoni Omurushaka. Na mwenye gari ndiye agongewaye mlango saa nane za usiku, mama mja mzito akitakiwa kufikishwa Hospitali ya Isingiro au ya Nyakahanga. Kwa mtu huyu gari ni jembe. Laki 6 ni jasho la msimu mzima, na akizitupa ovyo mwaka huu, hazitarudi mpaka mibuni izae tena.

Kwanza yatupasa kumtendea haki. Asemapo kwamba gari yake haina nguvu, hasemi uongo, wala si tamaa tupu. Injini ya gari huishi kwa kuvuta hewa kama sisi tuvutavyo, na hewa ya milimani ni nyepesi kuliko ya pwani. Wahandisi hukadiria kwamba injini ya kawaida isiyo na tabo hupoteza kiasi cha sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Sasa Kayanga na vilima vya jirani vimeinuka kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Probox yenye injini ya lita moja na nusu ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi karibu 109. Tukipiga hesabu, gari hiyohiyo ikifika Karagwe hubakiwa na farasi kama 93. Farasi 16 wamepotea njiani kati ya bandari ya Dar es Salaam na Kibingo, wala hakuna mwizi aliyewachukua. Tena hesabu hii ni ya injini iliyo mpya. Ya ndugu yetu, iliyozunguka Japani miaka kumi na zaidi kabla ya kuvuka bahari, huenda imepoteza wengine.

Basi haja yake ni ya kweli. Tutazame dawa alizopewa.

Bomba la moshi twalipitia upesi. Katika injini ndogo ya namna hii, bomba pana huongeza farasi wawili watatu likifanya vizuri sana, tena huwaongeza wakati injini inapozunguka kwa kasi ya juu kabisa. Farasi 109 tuliowataja hupatikana injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Ni dereva gani wa Kibingo apandaye kilima na abiria huku injini ikilia hivyo? Yeye ataka mvuto wa chini, ule wa kuondoka mahali palipo mwinamo, na bomba lililozidi upana mara nyingi hupunguza mvuto huo huo. Kitakachoongezeka bila shaka ni kelele. Wazee walikwisha sema kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na sisi hatuna la kuongeza.

Tabo ni jambo jingine, wala hatupendi kuidharau. Ni kifaa kizungushwacho na moshi utokao katika injini, nacho husukuma hewa ndani kwa nguvu. Kwa hiyo ndicho kifaa hasa kiwezacho kuwarudisha wale farasi walioibiwa na milima. Fundi wa tatu alijua asemalo. Lakini injini ya Probox haikuundwa kwa tabo. Inabana hewa mara kumi na nusu kabla ya kuichoma, na ukizidi kuisukumia hewa bila kubadilisha kitu kingine, petroli hulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni. Mwenye kufunga tabo kwa haki hana budi kufikiri pia habari ya kupeleka petroli zaidi, kupoza injini, klachi au giaboksi ya kustahimili, na breki za kuizuia hiyo nguvu mpya. Hapo laki 6 ni ada ya kufungua mlango tu. Nayo petroli yenyewe si rahisi: katika orodha za bei kikomo zinazotolewa na EWURA kila mwezi, Kyerwa imekuwa mara nyingi miongoni mwa mahali penye bei za juu kabisa nchini, kwa sababu ya umbali wake kutoka bandarini. Kukopa fedha ili gari inywe zaidi mahali ambapo kinywaji ni ghali kuliko kwingine, hiyo si biashara ya mkulima.

Kuhusu rimu kubwa, twasema hivi. Gurudumu lililozidi uzito ni mzigo ambao injini hulazimika kuuzungusha kila mara gari iondokapo, basi gari huwa nzito zaidi kupanda. Tairi pana hukwaruza bodi ya gari ikibeba mzigo. Likizidi urefu, kipimo cha mwendo hudanganya. Na katika tope la masika, tairi jembamba hukata tope likatafuta ardhi ngumu chini, ilhali lililo pana huelea juu yake kama mtumbwi. Kwa kijana wa lami ya mjini, rimu kubwa zaweza kuwa urembo usio na madhara makubwa. Kwa mtu aachaye lami ya Kyaka na Bugene akaingia katika changarawe nyekundu, ni kununua taabu.

Kabla ya kusema tuonavyo sisi, twaomba wasomaji watukubalie turudi nyuma kidogo, maana Afrika ya Mashariki ilikwisha kulijibu swali hili zamani mbele ya macho ya dunia nzima.

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari yaliyokuja kujulikana ulimwenguni kwa jina la Safari. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi, mito na tope. Katika miaka ile ya mwanzo magari hayakugawanywa katika makundi kwa kufuata ukubwa wa injini kama ilivyokuwa desturi ya Ulaya, bali kwa kufuata bei yake dukani. Waanzilishi walitaka kujua jambo ambalo kila mnunuzi wa huku alitaka kulijua: kwa fedha kiasi hiki, ni gari gani itakayofika? Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, ilhali yaliyoondoka yalikuwa makumi mengi. Yaliyokwama njiani hayakukosa nguvu ya injini. Mengine yalivunjika springi, mengine yaliishiwa tairi, mengine yalimezwa na tope.

Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 kwa Peugeot 404, gari ambayo wakati huo ilibeba abiria na mizigo katika kila pembe ya nchi hizi. Joginder Singh wa Kenya, mzaliwa wa Kericho na fundi wa magari kwa kazi yake, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544, akiwa na nduguye Jaswant. Gari ile haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kukimbizwa katika Safari ya mwaka uliotangulia na watu wengine, ikaachwa huku, wao wakainunua ikiwa kuukuu, wakaitengeneza kwa mikono yao. Mwaka 1974 Joginder alishinda tena, safari hii kwa Mitsubishi Lancer ya injini ya 1600, akimwacha wa pili Björn Waldegård wa Sweden aliyekuwa na Porsche 911. Porsche ile ilikuwa na nguvu zaidi kwa mbali, na kwa muda mrefu iliongoza. Iliangushwa na kuvunjika kwa kiungo cha chini kishikacho gurudumu.

Kweli, magari ya tabo nayo yalikuja kushinda Safari: Toyota Celica yenye tabo ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986. Lakini nyuma yake kulikuwa na timu kamili ya Toyota, mafundi wengi na ghala za vipuri. Ndugu yetu wa Kibingo yuko upande wa Joginder na Volvo kuukuu, si upande wa kiwanda.

Sasa tuseme. Kwa maoni yetu, shilingi ya kwanza ya mtu huyu isiende kwenye injini. Iende pale gari igusapo ardhi.

Lakini hata kabla ya kutoa shilingi, yako ya bure. Afungue mlango wa nyuma wa Probox yake atoe kila kisicho na kazi: jeki mbili zilizokufa, vyuma vya baiskeli, dumu la maji lisilotumika, mbao, tairi lililokwisha kabisa aliloogopa kulitupa. Twajua yamo, maana hatujapata kuona gari ya shamba isiyo na ghala la namna hiyo. Gari yenye uzito wa kilo 1,100 ikipunguziwa kilo 50, hupanda kilima kana kwamba imeongezewa farasi wanne au watano. Hao ni wengi kuliko wale wa bomba la moshi, na hawakununuliwa. Tena achomoe kichujio cha hewa akitazame kwenye mwanga. Vumbi la kiangazi la huko hukiziba upesi kuliko kitabu cha gari kisemavyo, na injini iliyokwisha kunyimwa hewa na mlima haiwezi kunyimwa tena na kichujio. Kipya hakigharimu sana. Na plagi zitazamwe siku hiyohiyo.

Kisha aende kwenye tairi, na hapa twaomba radhi kwa urefu wa maneno yetu, kwa sababu ndipo penye jambo.

Ubavuni mwa kila tairi mna maandishi ambayo madereva wengi hawayasomi. Baada ya namba za ukubwa hufuata namba nyingine ndogo, kama 82 au 88, ikiwa na herufi pembeni. Namba ile ni kipimo cha mzigo. 82 maana yake tairi moja laweza kubeba kilo 475 likiwa na upepo wake kamili. 88 maana yake kilo 560. Herufi ni mwendo wa mwisho: N ni kilomita 140 kwa saa, T ni 190. Sasa tufanye hesabu ya safari moja ya kawaida, ile ambayo kila mtu aijua na hakuna apendaye kuisema mbele ya askari. Gari kilo 1,100. Watu tisa katika gari ya viti vitano, kila mmoja kilo 65, jumla 585. Magunia mawili ya kahawa ya kilo 60, jumla 120. Yote pamoja ni kilo 1,805. Tuseme sehemu sita katika kumi za uzito huo zimelalia magurudumu ya nyuma. Basi kila tairi la nyuma labeba kilo zaidi ya 540. Tairi la 82 limekwisha kuzidiwa kabla gari haijaondoka. La 88 lingali linastahimili, lakini kwa shida, tena kama limejaa upepo sawasawa.

Hatutoi hesabu hii ili kumruhusu mtu apakie watu tisa. Twaitoa ili aone kwamba fundi aliyemshauri tairi pana la mapambo huenda alikuwa akimuuzia tairi la 82 au pungufu yake, liling'ae kwa mwezi mmoja na kupasuka mwezi wa pili kwenye mteremko. Tairi zilizoundwa kwa magari ya mizigo midogo huandikwa LT. Si nzuri kwa sura. Ndizo Probox nyingi za mizigo zilizotoka nazo kwao, na wenye kuziunda walikuwa na sababu.

Jambo la pili la ubavuni ni tarehe. Tafuta neno DOT na mwisho wake namba nne. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani: hukauka, hushupaa, huacha kushika barabara yenye maji. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi lililopita miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na lililofika miaka kumi liondolewe hata kama meno yake yangaliko. Mwenye kununua tairi za mtumba, na twajua wengi hawana njia nyingine, asitazame meno peke yake. Meno marefu kwenye tairi la miaka tisa ni meno ya bandia. Apige magoti asome namba, apitishe kidole ndani kutafuta kiraka, akunje mpira kidogo atazame kama una nyufa. Muuzaji akikasirika, huyo amekwisha kujibu.

Laki 6 huenda zisitoshe tairi nne mpya zenye sifa pamoja na kazi nyingine zote. Ikiwa atanunua mbili, zikae wapi? Mabishano ya swali hili hayajakoma katika gereji yoyote tuliyopata kuingia. Probox nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele, na madereva husema mpya ziwekwe mbele ili zipande tope. Watengenezaji wa tairi wasema zikae nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye kona gari hugeuka ikatazama ilikotoka, na dereva wa kawaida hawezi kuirudisha. Mbele ikiteleza, huenda moja kwa moja na mtu aweza kupunguza mwendo akaishika tena. Sisi twawafuata watengenezaji, tukiongeza kwamba katika gari hii mzigo wote umelala nyuma. Lakini twasema pia kwamba za mbele zikiwa upara, hakuna mpya ya nyuma itakayomwokoa, na hapo ni heri angoje msimu mwingine anunue zote nne kuliko kujidanganya kwa mbili.

Na upepo. Karibu na mlango wa dereva pana kibandiko kisemacho kiasi cha upepo wa mbele na wa nyuma. Kipimo cha mkononi chapatikana kwa bei ndogo. Tairi lenye upepo pungufu hula petroli, hupata moto, na hubeba pungufu ya namba yake. Hii nayo ni nguvu ya gari, ila haina sauti.

Baada ya tairi, breki. Hapa ndipo twatofautiana kabisa na wote wanaoliita jambo la kuongeza nguvu kuwa ni jambo la kwenda. Gari iendayo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva mwepesi hutumia kama sekunde moja kuona mtoto, kushtuka na kufikisha mguu kwenye pedali. Zile mita 22 zimekwisha kabla breki haijaguswa. Na mwendo ukiongezeka maradufu, kazi ya breki haiongezeki maradufu bali mara nne. Tangu Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, mwendo wa mwisho katika makazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa, na tangu Omurushaka hadi Nkwenda barabara hupita katikati ya makazi, migomba kushoto na kulia, watoto wa shule asubuhi na jioni. Mtu akinunua nguvu ya kwenda, aitumie wapi?

Breki za ndugu yetu huenda zinashika vizuri asubuhi barazani kwake na kulegea kwenye mteremko mrefu adhuhuri. Ugonjwa huo wajulikana. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka. Yale yaitwayo DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubaliwa huteremka hadi nyuzi 140. Kwenye mteremko mrefu na gari iliyojaa, joto hilo si mbali. Mafuta yakichemka hufanya mapovu, pedali huzama mpaka sakafuni, na hakuna kilichobaki ila gia na sala. Kuyamwaga yote na kutia mapya ni kazi ya saa moja, na ni rahisi kuliko kazi zote tulizozitaja hapa ukiacha kichujio. Pedi za mbele zibadilishwe zikiwa nyembamba, za chapa ambayo fundi mwenyewe huifunga kwenye gari yake. Muulize hivyohivyo, umtazame usoni. Breki za nyuma zifunguliwe, maana vumbi hujaa humo na kwa kuwa halionekani husahauliwa. Na dereva ateremke kwa gia ileile ambayo angepandia. Hilo la mwisho ni la bure.

Shokapu tutazigusa kidogo. Barabara ya changarawe ikikaa bila greda hufanya mawimbi madogo kama bati, na gari yenye shokapu zilizokufa hurukaruka juu yake. Gurudumu lililo hewani halivuti wala halisimamishi. Basi tairi mpya na breki mpya juu ya shokapu mbovu ni nusu ya mali. Wako wanaoinua gari kwa kuweka spesa juu ya springi ili isiguse mawe. Twaelewa kwa nini. Lakini gari iliyoinuliwa huyumba zaidi kwenye kona, na mzigo ukiwa juu ya paa pia, hesabu huwa mbaya. Ikiwa springi zimelala kwa uzee, zibadilishwe springi. Fedha zisipotosha mwaka huu, shokapu ndizo zingoje, na mwendo upungue mpaka zitakapopatikana.

Ndugu yetu huenda atasema: mmenipa tairi, breki na ufagio, nami niliomba nguvu. Twamwomba apande kilima kilekile baada ya kazi hizo, gari ikiwa nyepesi kwa kilo 50, ikivuta hewa safi, tairi zikiwa na upepo wake. Hatapita kila mtu. Wala hatukusudii kumdanganya kwamba wale farasi 16 wote watarudi. Wengine ni sadaka ya kuishi mahali pazuri. Lakini atakuta kwamba alikuwa akipunguza mwendo kwenye kona kwa kuiogopa gari yake, na sasa haiogopi kiasi kile. Muda mwingi wa safari hupotea hapo, si kwenye kupanda.

Akimaliza, akakuta imebaki laki moja au pungufu, asiirudishe kwa fundi wa bomba la moshi. Asugue vioo vya taa za mbele vilivyofifia rangi ya njano, maana safari ile ya saa nane za usiku haina taa za barabarani. Anunue jeki moja nzima, na tairi la akiba lenye kipimo kile kile cha mzigo. Kuhusu rimu, kama moyo wake bado wamsumbua, zile za chuma alizo nazo zinaweza kupakwa rangi Jumamosi moja kwa kopo dogo na brashi. Sisi tungechagua nyeusi, kwa sababu ya tope.